Breki ya mwalimu wetu wa sayansi, na maneno ya baba yangu yaliyochelewa kumfikia

Wakuu humu ndani, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kukomenti huwa sikomenti. Nasoma, nacheka, nafunga simu, naendelea na biashara yangu ya mahindi hapa Majengo, Sumbawanga.

Sasa juzi kijana mmoja aliandika humu kwamba fizikia ya shule haijawahi kumsaidia mtu yeyote maishani. Watu wakagonga like, wakacheka. Sikukasirika, ila ile komenti ilinikaa. Nimezunguka nayo siku kadhaa ndipo nikaona bora niandike.

Ninachoandika kilitokea nyumbani kwetu. Chumvi sijaongeza. Tena kuna mahali nimepunguza, maana bado panauma. Majina nimeyabadili kidogo, mambo yenyewe sijayagusa.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Mwenye haraka aanze na kazi zake kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi niko darasa la sita.

Kijiji chetu kiko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Ufipa. Ukisogea kidogo tu ardhi inakatika, na bonde la Rukwa lote linaonekana chini yako kama kitu kilichomwagwa. Barabara ya kuteremka upande wa Ilemba inapita pembeni ya kijiji. Aliyewahi kuishuka anajua ninachosema. Ambaye hajaishuka achukulie tu kwamba hata mbuzi wanaiheshimu.

Baba yangu aliitwa Gaudensi. Alikuwa mwendesha mkokoteni wa kijiji.

Vijana mkisikia mkokoteni mnafikiria ule wa sokoni wa kusukuma na mikono. Huu ulikuwa mkubwa, wa kukokotwa na maksai, magurudumu ya mbao yamevishwa pete za chuma. Maksai walikuwa wawili, Karani na Chuma. Karani aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa anapenda kusimama na kutazama wengine wakifanya kazi.

Kila kitu cha kijiji kilipita mikononi mwa baba. Mahindi na ulezi kutoka shamba la ujamaa, mbolea, matofali ya shule, wagonjwa, hata maharusi mara moja moja.

Shida ilikuwa moja. Ule mkokoteni haukuwa na breki.

Kwenye tambarare hakuna neno. Lakini kuteremka bondeni, mzigo wote unawasukuma maksai kwa nyuma, nao wanauzuia kwa shingo zao. Kwa hiyo baba alikuwa anapakia nusu tu, na wanaume wanashika kamba kwa nyuma wanavuta kurudisha. Wakifika chini, wanaume hao ndio wanaohema kuliko maksai.

Katikati ya mwaka tukaletewa mwalimu mpya. Mwalimu Ambokile.

Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, kijana, mwembamba, ana baiskeli na sweta la kijani ambalo sidhani kama lilikuwa na ndugu yake. Upepo wa kwetu ulimshinda mapema. Alikuwa anasema, "Kwetu pia kuna baridi, lakini baridi ya kwetu inakaa mahali pamoja. Hii ya kwenu inatembea."

Alipewa kufundisha sayansi.

Kabla yake sayansi tuliijua kama kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunaandika, kengele inalia. Yeye siku ya kwanza aliingia mikono mitupu, akauliza, "Nani kati yenu amewahi kuona kani?"

Hilo neno lenyewe tulikuwa hatulijui.

Akalisukuma dawati la mbele, na sisi tuliokuwa tumelikalia tukasogea nalo tukipiga kelele. Akasema, "Hamjaiona, lakini imewahamisha. Kani ni kusukuma au kuvuta. Haionekani. Kinachoonekana ni kazi yake."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa lile dawati kwa mikono miwili. Mpaka leo nikisikia neno kani, vidole vinakumbuka.

Baada ya hapo darasa likahamia nje.

Alituvutisha ubao wenye jiwe juu yake, kwanza kwenye udongo, halafu juu ya punje za mahindi zilizotandazwa. Kwenye punje ubao uliteleza mpaka aliyekuwa anavuta akaanguka chali. Hapo ndipo tulipojua msuguano, na kwamba ni adui ukitaka kwenda, na ni rafiki ukitaka kusimama.

Alimpakia mwenzetu kwenye baiskeli, akakimbiza, akafunga breki ghafla. Mwenzetu akampiga mwalimu kichwa mgongoni. Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu akawa anajisugua mgongo huku anasema, "Mmeona? Vitu ni vikaidi. Kilichosimama kinakaidi kuondoka. Kinachokwenda kinakaidi kusimama. Mtu naye ni kitu."

Lakini somo lililonishika mimi ni la maboga. Nyuma ya shule palikuwa na mteremko. Alileta maboga, akatuambia tuyaachie yabingirike, halafu wengine wayazuie. Waliosimama karibu na juu walilizuia boga kwa mguu mmoja. Waliosimama chini waliangushwa. Boga ni lile lile. Akatuuliza, "Uzito umeongezeka?" Tukasema hapana. "Sasa kimeongezeka nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Mwendo, Mwalimu."

Alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Wakuu, mtoto akitazamwa vile na mwalimu wake, hata mara moja tu, ile inamtosha kwa miaka mingi.

Jioni nilikuwa namsimulia baba kila kitu. Tunaota moto, mama anasonga ugali wa ulezi, mimi naeleza maboga.

Baba hakuwa amesoma. Wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, mchana baada ya kazi, na mwalimu wa kisomo alikuwa huyo huyo Ambokile. Kwa hiyo walishafahamiana kwa a, e, i, o, u.

Nilipofika kwenye ile habari ya msuguano kuwa rafiki ukitaka kusimama, baba aliacha kula.

"Rudia hapo, Oresta."

Nikarudia.

Kesho yake alikwenda shuleni kabla ya muda wa kisomo. Niliwaona kutoka dirishani wanazunguka mkokoteni, mmoja anainama, mwingine anachora chini kwa kijiti. Walikuwa wanabishana. Baba alitaka kitu cha kufunga ekseli, mwalimu anataka kitu cha kukandamiza gurudumu kwa nje. Mwishowe kila mmoja alichukua nusu ya wazo la mwenzake.

Darasa letu ndilo lililosaidia kuitengeneza. Ile ilikuwa elimu ya kujitegemea kweli kweli, maana siku nyingine elimu ya kujitegemea ilikuwa jembe tu. Gogo gumu la mti lilichongwa likae sawa na pete ya chuma ya gurudumu. Likafungwa kwenye mti mrefu kama mpini, na mpini ukafungwa kamba. Mtu anatembea nyuma ya mkokoteni, akivuta kamba, gogo linabana gurudumu. Akilegeza, gurudumu liko huru.

Siku ya kuijaribu nusu ya kijiji ilikwenda kwenye mteremko. Baba mbele na maksai, na kwenye kamba alikuwa rafiki yake jirani yetu, Baba Patrisi. Mkokoteni uliteremka polepole, gogo linalia kama mlango wa zamani, moshi kidogo unatoka. Karani na Chuma wanatembea wima, shingo zimelegea.

Baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka. Akamshika mwalimu mkono hakuuachia. Akasema, "Mwalimu, hawa ng'ombe wangekuwa na mdomo, leo wangekusalimia shikamoo."

Naikumbuka sana ile siku. Nikiulizwa nichague siku moja ya utoto wangu irudi, ni hiyo.

Sasa wakuu, hapa ndipo kuna jambo ambalo nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima.

Kabla ya breki, kila mtu aliuogopa ule mteremko. Baada ya breki, hofu ikaondoka. Nusu mzigo ikawa mzigo mzima. Mzigo mzima ukaongezwa magunia kidogo. Wale wanaume wa kamba za nyuma wakaonekana hawana kazi, wakapelekwa shambani. Hakuna aliyekaa akaamua. Ilikwenda hivyo hivyo, kwa sababu kila safari ilikwisha salama.

Kiangazi chote ilikwenda vizuri. Mavuno yote ya mwaka ule yalishuka na ile breki.

Halafu zikaja mvua za kwanza.

Kule bondeni kulikuwa na kijiji kipya. Watu walikuwa wamehamishiwa pale karibuni kutoka sehemu mbalimbali, hawajavuna hata mara moja. Njaa ikawapata. Lori lililokuwa lipeleke chakula lilikwama kwenye matope huko huko njiani. Mwenyekiti wetu wa kijiji akaitisha mkutano, akasema tuna mahindi ghalani na wenzetu wana watoto, tufanyeje? Kijiji kizima kikasema yapelekwe.

Sitaki mtu humu amtukane yule mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema na alichosema kilikuwa haki.

Wiki ile ile, kwa sababu mvua imeanguka, shule yote tulitolewa kwenda kupanda shamba la kijiji. Ndivyo ilivyokuwa. Mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Vipindi vyote vilifutwa, cha sayansi kikiwamo.

Asubuhi ya safari kulikuwa na manyunyu na ukungu. Nilimpita baba anafunga nira, nikamwamkia, akanijibu bila kugeuka, mikono imejaa kamba. Mkokoteni ulikuwa umejaa mpaka juu. Akaniambia nisiloweshe miguu. Nikaenda zangu shambani na jembe.

Yaliyotokea barabarani nilisimuliwa na Baba Patrisi, na baadaye na baba mwenyewe. Sikuwapo.

Mwanzoni mwa mteremko breki ilishika. Walipofika katikati, Baba Patrisi akaona kamba anavuta kwa nguvu zake zote lakini gurudumu linaendelea kuzunguka. Gogo lilikuwa limelowa, chuma kimelowa, tope limeingia katikati. Badala ya kusugua, linateleza. Lilikuwa linabana, lakini si kama siku zote. Mwendo ukaanza kupanda.

Akapiga kelele, "Gaudensi, haishiki! Achia uruke!"

Baba alikuwa na nafasi ya kuruka. Hilo Baba Patrisi aliniapia. Lakini chini kwenye kona walikuwa wanapanda watu, wanawake na watoto wa kile kijiji kipya. Walisikia mahindi yanakuja, wakaja kuyapokea na vikapu.

Baba hakuachia. Aliwakumbatia maksai shingoni na kuwasukuma kuelekea upande wa mlima, mkokoteni ukapanda ukingoni, ukapinduka.

Wale watu hawakuguswa hata mmoja. Karani alikufa pale pale. Na baba, gurudumu lilimlalia kwenye nyonga na mguu.

Tulikuwa tunapanda mahindi kwa mistari, mwalimu anakagua nafasi kwa kamba, tulipomwona Baba Patrisi anakuja mbio hana hata kandambili. Alipita wanafunzi wote, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Sikusikia alichosema. Niliona mwalimu anaitupa ile kamba ya kupimia na kukimbilia baiskeli. Alipopita karibu yangu alinitazama mara moja tu. Nikajua ni baba.

Walimbeba kwa machela mpaka juu, halafu akapatiwa gari la kumpeleka hospitali mjini Sumbawanga. Mama akaenda naye. Sisi watoto tukabaki na bibi.

Kilichofuata kijijini ni maneno.

Mtu akiumia, watu hutafuta pa kuweka uzito. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Wengine, na ndio walikuwa wengi, walisema ni breki ya mwalimu. Eti tangu zamani Gaudensi alishuka bila ile mitambo na hakuumia, mpaka alipokuja Mnyakyusa na maboga yake. Kuna siku nilikuta gogo la breki limetupwa kwenye shimo la takataka la shule. Nani alilitupa, sikujua.

Siku moja alasiri mwalimu alikuja nyumbani. Bibi alikuwa ndani. Mimi nilikuwa natwanga.

Nikamwamkia. Hakukaa kwenye kigoda nilichompa.

"Oresta, baba ameshaongea?"

"Bado, Mwalimu. Mama hajaleta habari."

Alikuwa amevaa lile sweta, limetatuka mkononi, hakujishughulisha nalo.

"Somo lililokuwa linafuata lilikuwa hilo," akasema. "Maji na msuguano. Nilikuwa niwamwagie maji pale kwenye ubao muone unavyoteleza. Nilikuwa nimeshalipanga. Kisha tukaambiwa kupanda."

Nikarudisha mchi kwenye kinu. Mtoto ana nini cha kumwambia mwalimu?

Bibi akatoka. Bibi yangu hakujua Kiswahili cha kutosha, alikuwa Mfipa wa Kifipa. Alimsalimia kwa Kifipa na kumkaribisha chakula, na mwalimu hakuelewa. Nadhani alidhani anafukuzwa. Aliinamisha kichwa, akasema "Nisamehe, bibi," akaondoka na baiskeli yake akiikokota.

Nilitaka kumkimbilia nimweleze bibi alichosema. Bibi akanishika, akaniambia mwache, mwanamume anataka kulia peke yake.

Hakurudi shuleni wiki iliyofuata. Tulisikia alikwenda mjini mwenyewe kuomba ahamishwe, wakamkubalia. Alipanda basi la Mbeya.

Na sasa sikilizeni, wakuu, maana hapa ndipo roho inaponisuta mpaka leo, ingawa sijui nani wa kumlaumu.

Siku moja au mbili baada ya yeye kuondoka, mama alirudi kutoka hospitali kuchukua nguo. Akaenda shule moja kwa moja hata kabla ya kufika nyumbani. Baba alikuwa ameongea. Na neno lake la kwanza la maana, baada ya kuomba maji, lilikuwa: "Niitieni Mwalimu."

Mama akamwambia watu wanamsema mwalimu vibaya. Baba akasema, na maneno yake nayakumbuka kama mama alivyoyaleta:

"Wanasema hivyo kwa sababu hawakuwapo. Ile breki haikunitupa. Ilishika kidogo. Kile kidogo ndicho kilichonipa muda wa kuwageuza ng'ombe. Isingekuwapo, ningeishia juu ya watoto wa watu. Mwambieni aje nimwambie mwenyewe."

Mama alifika shuleni akaonyeshwa nyumba ya mwalimu. Mlango wazi, ndani tupu.

Baba alirudi baada ya miezi, na magongo. Mguu mmoja haukupona tena. Chuma aliuzwa, mkokoteni ukaoza nyuma ya ghala. Baba akawa anachonga mipini ya majembe akiwa amekaa. Watu wa kile kijiji cha bondeni walikuwa wanamletea mchele kila wakivuna, miaka na miaka, na hilo lilimpa heshima yake.

Lakini alikuwa na hilo jambo moja. Kila aliyesikia anakwenda Mbeya, dereva, katekista, mchuuzi wa maharage, alimpa ujumbe. "Ukimkuta Mwalimu Ambokile mwambie Gaudensi ni mzima, na ana neno naye."

Wenyeji wa kule mnajua. Rungwe ina akina Ambokile wangapi? Ni kama kumtuma mtu Tanga amtafute Juma.

Alipokaribia kufa bado aliuliza. Nilikuwa nimeshazaa watoto wakati huo. Nikamwambia, "Baba, pengine alishasikia." Akasema, "Angesikia angekuja. Namjua yule."

Mimi mwenyewe darasa la saba sikufaulu. Mwaka ule nilishika nyumba, mama yuko hospitali, shamba linanisubiri, na kwenye sayansi tulirudi kunakili. Mwalimu aliyefuata aliandika ubaoni "Kani ni msukumo au mvuto", tukaandika, kengele ikalia. Sikuwa na la kumuuliza. Nikaolewa, nikafiwa, nikaja mjini, nikaanza biashara. Maisha hayajanitupa, namshukuru Mungu. Ila nikipita shule nikasikia watoto wanaitikia kwa pamoja vitu ambavyo hawajavishika kwa mkono, huwa natembea haraka.

Miaka michache iliyopita nikampata mteja mmoja, dada mtumishi wa serikali, amehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, anakaa Kizwite. Anaitwa Tumpe. Mcheshi, halipi bila kupunguziwa. Siku moja anachagua maharage, akasema, "Mama, ujue baba yangu alishafundisha huku kwenu Ufipa zamani. Ila alikuwa hataki kabisa kupazungumzia."

Nikamuuliza baba anaitwa nani.

Akasema.

Nikakaa chini, juu ya gunia. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema alishafariki, muda kidogo.

"Alikuwa anafundisha nini huko kwenu?"

"Kiswahili, na kwaya ya shule."

"Si sayansi?"

Akacheka. "Sayansi? Baba? Hata hesabu ya mwendokasi ya darasani alikuwa hatusaidii. Alikuwa anasema tumuulize mwalimu wetu."

Nikamsimulia. Yote, kama nilivyowasimulia ninyi. Wateja walikuja wakaondoka. Nilipofika kwenye maneno ya baba pale hospitali, Tumpe alikuwa ameacha maharage, mikono imelala mapajani.

Halafu akasema:

"Mama, baba alikuwa hapandi gari kwenye mteremko siku ya mvua. Tukifika mlimani na mvua inanyesha, anamwambia dereva asimame, anashuka, anatembea kwa miguu mpaka chini. Gari linamsubiri. Abiria wanasonya. Sisi watoto wake tulikuwa tunaona aibu, tunajifanya hatumjui."

Akajifunika uso kwa kanga.

Tulilia wote wawili pale dukani, watu wazima, mbele ya magunia.

Mama yake alikuwa bado hai huko Rungwe. Tumpe akampigia simu, akanipa niongee naye. Nikamwamkia yule bibi, nikamwambia mimi ni mtoto wa Gaudensi wa mkokoteni. Kumbe jina analijua. Kumbe mumewe alikuwa analitaja usingizini.

Nikamfikishia neno la baba, kama lilivyo, sikuongeza wala sikupunguza. Kwamba breki ilishika kidogo, na kile kidogo kilitosha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia anavuta pumzi.

Akasema, "Ndaga, mwanangu. Asante. Laiti ungenipigia akiwa hai, siku moja tu kabla."

Nikamrudishia Tumpe simu yake, wakuu.

Nilichojifunza ni hiki, na sina elimu ya kukipamba. Kuna watu wanatembea na mzigo ambao mwenye kuumia alishawatua zamani, ila hakuna aliyewaambia. Ukiwa na neno la namna hiyo la mtu, la kusamehe au la kushukuru, usilitume kwa dereva. Usisubiri akija. Funga safari. Na kama umri ni mdogo na safari zako zinaamuliwa na watu wengine, kama nilivyokuwa mimi, basi liseme kila mahali mpaka limfikie.

Na yule kijana wa fizikia haina faida, sina ugomvi nawe mdogo wangu. Huenda hukubahatika kupata mwalimu wa kukutoa nje. Hilo nakuonea huruma kweli.

Walimu mliomo humu, hasa wa sayansi, naombeni mseme mnafundishaje siku hizi. Na mwenye kisa cha neno lililochelewa kufika, aliweke hapa chini, tusome. Nitajibu taratibu, macho yangu na hii simu havipatani sana.